Hoteli ya Ufukweni Shela: Kagua Maji Kabla ya Kitanda

Picha nilizotumiwa hazikuwa za uongo. Zilionyesha maji ya buluu yakigusa ngazi ya mwisho ya hoteli, dau likipita na tanga jeupe, na ng'ambo ya mlango wa bahari, Ras Kitau ya kisiwa cha Manda ikionekana wazi. Tulifika Shela, kijiji cha pwani katika kisiwa cha Lamu, saa kumi alasiri, mwezi wa nane, tukakuta kila kitu kama kilivyo pichani. Kesho yake saa nne na nusu asubuhi nilitoka na taulo begani, bahari haipo. Mbele ya ngazi palikuwa na mchanga wa kijivu uliolowa, mawe yenye chaza wakali, kamba za nanga zimelala kama nguo zilizosahauliwa, na mashua mbili zimeegemea ubavu.

Nilikasirika, kwa sababu usiku mmoja ulikuwa unanigharimu shilingi 18,000. Mlinzi wa hoteli, mzee wa makamo, aliniona nimesimama pale. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema bila haraka, "Leo bamvua, mwanangu. Ngoja alasiri."

Maneno hayo mawili, leo bamvua, ndiyo niliyopaswa kuyajua kabla ya kulipa. Hoteli ya ufukweni huuzwa kwa picha ya kitanda na ya bwawa, lakini kinachoamua kama utaridhika ni maji: ya bahari yanakuja saa ngapi, ya bombani ni matamu au ya chumvi, na upepo unayasukuma kutoka wapi. Kitanda kibaya hubadilishwa kwa dakika kumi. Maji hayabadilishwi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa kama dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku mbili tatu baada ya hapo, ni bamvua: maji hupanda sana na kutoka sana. Katika pwani yetu ya Kenya, siku za bamvua maji huwa yamejaa kwenye saa kumi hivi, alfajiri na alasiri, na yamekupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Wiki moja baadaye ni maji mafu. Hapo hayapandi sana wala hayatoki mbali, na asubuhi ya saa nne au saa tano ndiyo huwa yamejaa.

Kwa hiyo mtu anayetaka kuogelea asubuhi mbele ya chumba chake atafute siku za maji mafu, yaani siku saba au nane baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Anayependa kutembea ufukweni achague bamvua, kwa sababu maji yakitoka huacha mchanga mgumu unaobeba mguu vizuri. Mimi nilichagua siku kwa kufuata likizo ya shule, nikaangukia katikati ya bamvua, nikataka kuogelea asubuhi. Kalenda ya ukutani yenye alama za mwezi ingetosha kunionya.

Ukiwasiliana na hoteli, usiombe picha nzuri zaidi. Omba picha ya leo, maji yakiwa yamekupwa, iliyopigwa kutoka kwenye ngazi. Halafu uliza swali la pili: maji ya bamvua yakijaa, mchanga unabaki? Katika baadhi ya nyumba za Shela zinazopakana na mlango wa bahari, maji yakijaa hupiga ukutani na ufuko wote huzama. Anayekaa hapo na watoto wadogo hana pa kuwaachia wacheze mpaka maji yaanze kutoka. Hata njia ya pwani ya kutoka mjini Lamu hadi Shela, ambayo ni kama kilomita tatu, hufunikwa sehemu fulani, na mtu hulazimika kupita njia ya ndani.

Neno "ufukweni" lenyewe lina upana wake. Hoteli inaweza kuwa imepakana na maji ya mlango kati ya Lamu na Manda, ambako ni shwari zaidi. Inaweza kuwa upande wa bahari kuu, kwenye ule ufuko wa kilomita kama 12 unaoanzia Shela kuelekea kusini magharibi, wenye mawimbi na vilima vya mchanga. Inaweza pia kuwa katikati ya vichochoro vya kijiji, na "hatua chache kutoka pwani" zikawa dakika saba za kupishana na punda. Hakuna ubaya wowote kukaa kijijini. Nyumba za mawe za Shela zina ubaridi na uzuri wake, na bei huwa nafuu. Ubaya ni kulipa bei ya maji ukapewa kichochoro. Na hoteli ikiwa ng'ambo, Manda, uliza kama boti ya kuvukia Shela ni ya bure na inafanya kazi mpaka saa ngapi usiku, maana kila kikombe cha chai utakachotaka kunywa kijijini kitahitaji boti.

Upepo nao una msimu. Kusi huvuma kuanzia kama mwezi wa nne hadi wa tisa. Kaskazi huanza mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili na kuendelea hadi wa tatu. Wakati wa kusi bahari ya nje huchafuka, wavuvi wengi hawaendi mbali, na hoteli kadhaa hufunga kabisa mwezi wa tano na wa sita ambapo mvua ni nyingi. Mwezi wa nane mvua zimepungua lakini upepo bado upo, na mchanga unaorushwa huuma miguu. Nyingi ya picha za bahari tulivu kama kioo hupigwa wakati wa kaskazi. Faida ya kusi ni ubaridi: usiku ghorofa ya juu hakulaliki bila shuka ya pili.

Kuhusu pesa nilifanya kosa la kizembe. Nilitumiwa namba ya simu ya mtu binafsi nikatuma arbuni ya nusu. Haikupotea, lakini siku tatu nilikaa bila risiti na usingizi ulinipaa. Tuma kwenye namba ya malipo inayotokeza jina la hoteli kabla hujabonyeza kukubali, na kabla ya hapo pata kwa maandishi mambo manne: bei ni ya chumba au ya kichwa, chakula gani kimo, kodi imo au haimo, na ukiahirisha unarudishiwa kiasi gani. Hilo la kodi nitalirudia, maana ndilo lililoniumiza zaidi.

Uwanja wa ndege uko Manda, si Lamu. Ukishuka unatembea hadi gatini na kupanda boti. Ndege ndogo zinazotoka uwanja wa Wilson, Nairobi, mara nyingi huruhusu kilo 15 tu, na begi laini hukubalika kwa urahisi kuliko sanduku gumu. Begi laini ni bora pia kwa sababu baada ya boti litabebwa na hamali au punda kwenye mchanga, ambako magurudumu hayana kazi. Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Imepigwa marufuku nchini tangu 2017. Wanaokuja kwa barabara hufika Mokowe, gati la upande wa bara, na kutoka hapo huvuka kwa boti. Beba kitambulisho mahali pa kukitoa upesi, kwa kuwa kuna vizuizi vya ukaguzi njiani, na panga safari yako ifike mchana.

Kabla boti haijaondoka, hesabu watu, halafu hesabu jaketi za kuokoa maisha. Zisipolingana, subiri nyingine. Jaketi la mtu mzima halimfai mtoto wa miaka mitano; akitumbukia litamvuka kichwani. Hoteli iliyojibu "tutawapokea" haikusema itawapokea bure, na mimi sikuuliza. Kwenda na kurudi iliandikwa shilingi 5,000 kwenye hesabu yangu.

Chumba kikague kabla hujafungua begi. Ukishatundika nguo umeshakubali, na aibu ya kuhamahama itakuzuia kusema. Robo saa inatosha, na anza na bafu.

Fungua bomba, acha maji yatiririke kwa dakika moja, kisha onja tone kwenye ncha ya ulimi na uteme. Halafu sugua sabuni mkononi. Maji ya chumvichumvi hayatoi povu; sabuni huganda kama maziwa yaliyoharibika na ngozi hubaki inanata. Tazama pia kichwa cha bomba la mvua na bawaba za mlango. Kutu nyekundu na ukoko mweupe ni ushahidi wa miaka, hata kama siku hiyo wameweka maji mazuri kwenye tangi. Katika chumba chetu povu lilikataa kabisa. Nilienda mapokezi nikasema, "Dada, samahani, maji haya ni ya kisima gani?" Akaniambia ukweli bila kuzunguka: tangi la maji matamu linahudumia vyumba vya juu tu, vya chini vinapata ya kisima cha uani. Tulihamishwa ghorofa ya pili bila kuongezewa senti. Nisingeuliza, ningekaa siku nne nikidhani ndivyo Lamu ilivyo.

Inafaa mgeni ajue maji hayo matamu yanatoka wapi. Vile vilima vya mchanga nyuma ya Shela ndivyo vinavyonyonya mvua na kuihifadhi ardhini, na mji wa Lamu hunywa kutokana navyo. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo hukaa juu yake kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Ukivuta kwa pampu kuliko mvua inavyorudisha, ya chumvi hupanda, na kisima kilichoingia chumvi huchukua muda mrefu kupona. Hoteli inayokuomba uoge kwa kifupi haikunyimi huduma. Inayokujazia bwawa huku jirani zake wakinunua maji kwa madumu, hiyo mimi siirudii, hata chumba kiwe kizuri namna gani.

Chandarua kikague kwa mwanga: kishike juu dhidi ya dirisha, utaona matundu. Kiwe cha mraba chenye kona nne. Cha duara kinachoning'inia kutoka pete moja hubana, ukilala hugusa kiwiko na goti, na mbu huuma kupitia palepale kilipogusa. Kingo zake lazima zifike chini ya godoro na kubaki za kuchomekea. Malaria ipo pwani, na madirisha ya nyumba nyingi za Shela ni mbao bila kioo wala wavu. Upepo unaingia vizuri, na mbu vilevile. Ghorofa ya chini mbu ni wengi kwa sababu upepo haufiki. Hiyo ni sababu nyingine ya kupigania chumba cha juu.

Washa feni mpaka kasi ya mwisho, usikilize kama inagonga. Uliza: umeme ukikatika, jenereta inaendesha feni za vyumbani au taa za ukumbini tu? Uliza pia inazimwa saa ngapi. Usiku wetu wa pili umeme ulikatika saa sita, jenereta ikawasha taa za bustani peke yake. Kwa bahati tulikuwa juu, upepo wa kusi ukafanya kazi ya feni. Kama chumba kimepakana na msikiti, utaamshwa na adhana ya alfajiri. Hilo si kosa la hoteli. Shela ni mji wa Waislamu tangu enzi, na msikiti wake wa Ijumaa ulijengwa karne ya 19. Mwenye usingizi mwepesi aombe upande wa pili mapema. Heshima hiyohiyo iendelee kwenye mavazi: nguo za kuogelea mwisho wake ufukweni, ukiingia vichochoroni jifunge leso au vaa kanzu.

Sasa bahari yenyewe. Pale mlangoni, kati ya Shela na Manda, maji yakianza kutoka hukimbia kuelekea bahari kuu kwa nguvu, na juu yanaonekana yametulia. Wenyewe husema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Muulize nahodha au kijana wa boti saa ya kuoga leo. Kwa kawaida atakuambia uingie maji yanapokaribia kujaa na utoke kabla hayajageuka. Mkondo ukikushika usipambane nao uso kwa uso. Uache ukusogeze huku ukiogelea kwa mshazari kuelekea nchi kavu. Usitegemee kwamba kuna mlinzi wa waogeleaji.

Kwenye ufuko mrefu hakuna kivuli wala kibanda cha soda. Beba maji lita moja na nusu kwa kila mtu, kofia, na ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mchanga wa saa sita mchana huunguza nyayo, na urefu wa ufuko hudanganya macho: wakati wa kaskazi unakwenda upepo ukiwa mgongoni, unarudi ukiwa usoni. Na mtu asikufukuze mbele ya hoteli kwa kusema ufuko ni wake. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 62, inaihesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Viti na miavuli ni vya hoteli. Mchanga uliolowa ni wetu sote.

Chakula hakina maneno mengi. Wali wa nazi na samaki wa kupaka wa Lamu havihitaji kusifiwa na mimi. Ila usinunue mpango wa milo mitatu kwa siku. Utajifunga kula hotelini wakati mjini kuna mahamri na mbaazi za asubuhi, na mkate wa mofa jioni. Chukua kifungua kinywa tu. Wakati wa kusi uliza samaki ameingia lini. Mashavu yawe mekundu, macho angavu yaliyotuna, na nyama ukiibonyeza irudi.

Safari ya Takwa, ule mji wa magofu ulioko Manda, pia ni ya maji. Unaingia kupitia mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, na maji yakitoka boti haipiti. Ukiambiwa "saa yoyote bosi," huyo hajakupangia safari, amekupangia kukwama. Patana bei ya boti nzima, si ya kichwa, na uulize kama mafuta, chakula na kiingilio cha Makumbusho vimo. Lipa nusu, nyingine mkirudi.

Halafu ikaja hesabu. Usiku nne kwa 18,000 ni 72,000, nami nilikuwa na 72,000 kichwani. Karatasi ilisema 84,960. Tofauti ya 12,960 ilikuwa kodi ya VAT asilimia 16, ambayo ni 11,520, na ushuru wa utalii asilimia mbili, 1,440. Juu yake boti ya 5,000, na asilimia kumi ya huduma kwenye vyakula. Hakukuwa na wizi. Maneno "kodi haijajumuishwa" yalikuwepo kwenye ujumbe wao wa kwanza, chini kabisa, nami sikuyasoma hadi mwisho. Niliona uchungu na haya kwa pamoja. Tangu hapo, bei yoyote isiyotaja kodi huizidisha kwa 1.18 kabla ya kuilinganisha na nyingine. Hoteli ya 20,000 iliyojumlisha kila kitu ilikuwa rahisi kuliko niliyoichagua. Omba pia hesabu yako usiku wa kuamkia siku ya kuondoka, siyo asubuhi hamali akiwa mlangoni, na uwe na njia mbili za kulipa. Mashine za kutolea pesa ziko mjini Lamu, na boti ya kwenda na kurudi kwa dharura ina bei yake.

Kosa la mwisho lilinisubiri kwenye ngazi ileile. Ndege ilikuwa saa nane na nusu mchana. Siku hiyo, ya tano tangu tufike, maji yalikupwa kwenye saa saba, na tulitoka chumbani saa sita na nusu tukiwa tumevaa viatu na soksi. Boti ilikuwa imesimama mbali, haiwezi kusogea. Hamali alitanguliza begi kichwani, maji yakimfika mapajani, nasi tukafuata tumekunja suruali, mkoba wa karatasi na chaja nimeuinua juu kwa mikono miwili, nikipapasa chini kwa kidole kabla ya kukanyaga kwa sababu ya chaza. Mguu wa kushoto ulichanika kidogo. Nahodha alinivuta ndani akasema kama ningemwambia saa ya ndege jana yake, angetupitisha kwenye gati lenye kina, mwendo wa dakika kumi kutoka pale. Mwambie mtu wa boti saa yako ya kuondoka siku moja kabla, muulize maji yatakuwa wapi saa hiyo, na vaa ndala.